Mti wa sal, ndugu wa miti yetu katika nchi ya madini ya Uhindi



Kuko pembe moja ya nchi ya Uhindi ambako mtu wa Likasi au wa Kolwezi akifika hatajisikia mgeni sana. Udongo ni mwekundu. Makamiyo yanapita usiku na mchana yakibeba mawe, na vumbi inafunika majani ya pembeni ya njia mpaka mtu hajui tena rangi yake. Jimbo lile linaitwa Jharkhand, na upande wake wa kusini ni Singhbhum. Kuko chuma, kuko shaba, na pale Jaduguda kuko uranium, ile ile iliyotoka zamani Shinkolobwe kwetu. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906; kampani ya chuma ya Tata ilianzishwa mwaka wa 1907, mwaka mmoja tu nyuma. Mji wao Jamshedpur ulizaliwa juu ya chuma, kama vile Lubumbashi ilivyozaliwa mwaka wa 1910 juu ya shaba.

Nilikwenda huko mwezi wa tatu mwaka wa 2019, kwa mkutano wa makanisa. Juu ya mkutano wenyewe sitaandika leo, maana hotuba za wachungaji mnazisikia za kutosha kila siku ya Mungu. Nataka kuandika juu ya mti.

Mkutano ulipokwisha, ndugu za kule walitupeleka toka Chaibasa kuelekea Saranda. Saranda ni msitu mkubwa wa milima, kilometa za mraba zaidi ya 800, na karibu yote ni mti wa namna moja: sal. Tulikwenda mchana tu na kurudi mbele ya giza, sababu kwa miaka mingi msitu ule ulikuwa maficho ya waasi wa Kimao, na watu wa vijiji waliteswa na pande zote mbili. Sisi watu wa Congo hatukuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Mzee mmoja Mmunda alituongoza. Alikuwa amefanya kazi ya mukoti wa chuma mpaka pansioni, lakini msitu aliujua kuliko mukoti. Kwa lugha yake sal inaitwa sarjom. Aliniuliza, «Pasta, kwenu muko na sarjom?» Nikajibu hapana, hatuna. Akatazama mikono yangu kama kwamba nimesema kwetu hatuna maji.

Sasa niwaelezee mti wenyewe. Sal ni mti mrefu, wenye kusimama wima, mita 30 hivi pale udongo ni mzuri, na mingine inapita. Gamba lake ni zito, jeusi-jeusi, lenye mifereji mirefu toka juu mpaka chini. Jani lake ni kubwa kupita mkono wa mtu mzima, linang'aa, na chini lina umbo la moyo. Mwezi wa pili na wa tatu majani ya kale yanaanguka, lakini mti haukai uchi siku nyingi. Mara moja majani mapya yanatoka, mekundu kidogo na laini, na pamoja nayo maua. Ua moja moja ni dogo, rangi ya maziwa yenye kuelekea njano, petali tano zimesokotwa kama kamba. Lakini yanatoka kwa vishada vikubwa sana, mpaka mlima mzima unageuka rangi ya unga wa mahindi. Harufu yake ni tamu, haisumbui kichwa. Nyuki walikuwa wanalia juu yetu sauti moja kama mashine ya kusaga.

Mvua ya kule inaanza mwezi wa sita na kuisha mwezi wa kenda. Kwetu ni kinyume: mvua inaanza mwezi wa kumi na moja. Lakini kipimo kinakaribiana, na pande zote mbili kuko miezi mirefu ya kiangazi, moto wa pori na vumbi. Sal inataka udongo usiotuama maji. Pale maji yanapolala, haiko. Inafuata mistari miwili mikubwa: wa kwanza ni chini ya milima ya Himalaya, toka magharibi, kupitia Nepal, mpaka Assam, wa pili ni katika nyanda za juu za kati na mashariki, hapa Jharkhand, Odisha, Chhattisgarh na Madhya Pradesh. Katikati ya mistari hiyo kuko bonde la mto Ganges, ambako watu wamelima tangu zamani sana.

Vijana wanaosoma biolojia watapenda jina lake la kitaalamu, Shorea robusta. Robusta ni neno la Kilatini, maana yake yenye nguvu. Na Shorea? Ni jina la mtu, John Shore, Mwingereza aliyekuwa gavana mkuu wa Bengal toka mwaka wa 1793. Bwana huyo aliporudi kwao Uingereza akawa rais wa kwanza wa Chama cha Biblia cha Uingereza na nchi za kigeni, kilichoanzishwa mwaka wa 1804. Kwa hiyo kila mara mtaalamu wa miti anapoandika Shorea, anaandika jina la mtu wa Chama cha Biblia, ajue asijue! Aliyetoa jina hilo ni William Roxburgh, mkuu wa bustani ya mimea ya Kolkata. Naye alikuwa rafiki wa William Carey, yule mmisionari Mbatisti tunayemsoma katika historia ya kanisa. Carey alipenda mimea kama vile alivyopenda lugha. Matbaa yake ya Serampore, iliyochapa Biblia, ndiyo iliyochapa pia orodha ya mimea ya Roxburgh mwaka wa 1814. Roxburgh aliita miti ya jamaa nyingine kwa jina lake, Careya, na mmoja wao, Careya arborea, unamea ndani ya misitu ya sal. Gavana na mmisionari wako jirani katika msitu mmoja mpaka leo.

Lakini kitu kilichonishangaza kabisa ni mbegu na watoto wa mti huu.

Tunda la sal linaiva mwezi wa sita, wakati mvua ya kwanza inakaribia. Liko na mabawa matano, matatu marefu na mawili mafupi. Upepo wa mbele ya mvua unayachukua, yanazunguka-zunguka hewani na kushuka. Mbegu ya sal haijui kungoja. Mahindi au kunde unaweza kuyatia ndani ya kopo mpaka mwaka ujao, lakini mbegu ya sal ikipita juma moja hivi bila kupata udongo wenye maji, imekufa. Mvua ikichelewa siku chache, mazao ya mwaka mzima yanakauka juu ya majani.

Zile zinazoota zinapata mateso mengine. Mtoto wa sal anatoa majani yake wakati wa mvua. Kiangazi kinakuja, au moto unapita, na sehemu ya juu inakufa yote. Mtu akipita anasema, huu umekwisha. Mvua ikirudi, shina linachipuka tena. Kiangazi, linakufa tena. Hivi mwaka kwa mwaka, pengine miaka kumi na zaidi, na muda huo wote mzizi chini unaendelea kunenepa. Siku moja mzizi unakuwa na akiba ya kutosha, shina linapanda haraka na kupita urefu wa moto. Mzee alichimba kidogo kwa ncha ya panga na kutuonyesha: juu, kijiti cha urefu wa kidole, chini, mzizi mnene kama mhogo.

Hapo ndipo niliposema, kumbe hata kwetu ni vile! Miti ya miombo, ile inayotupa makala na vinkubala, inafanya hivyo hivyo. Watoto wake wanakufa juu na kuishi chini, miaka mingi, sababu ya kiangazi na moto. Ndiyo maana pori lililokatwa linaweza kurudi lenyewe, kama watu hawakung'oa mizizi na kama wameliachia nafasi. Na ndiyo maana pia, mzizi ukisha kutolewa na mashine, kupanda kimti kipya pahali pale si kurudisha msitu.

Kufanana hakuishii hapo. Mizizi ya sal inaishi pamoja na uyoga. Nyuzi nyembamba za uyoga zinavika ncha za mizizi kama soksi, zinatafutia mti maji na chumvi za udongo, na mti unazilipa kwa sukari. Miombo yetu inafanya biashara hiyo hiyo. Na pande zote mbili matokeo yanaonekana sokoni. Mvua ikianza, wamama wa Jharkhand wanaingia msitu wa sal kuchimbua uyoga mmoja wa mviringo kama kigololi, unaoitwa rugra, na kuuza bei ya nyama. Kwetu, mwezi wa kumi na mbili, nani hajaona wamama na vikapu vya bowa pembeni ya njia ya Kasumbalesa? Kata miti, na bowa ya namna ile haitaonekana tena, hata mvua inyeshe namna gani.

Sasa nirudi kwa ulizo la mzee. Nilimjibu kwamba kwetu hatuna sarjom. Jibu lilikuwa la kweli nusu. Sal ni ya jamaa kubwa inayoitwa kitaalamu Dipterocarpaceae, neno la Kigriki lenye kusema juu ya tunda lenye mabawa mawili. Jamaa hiyo inajaza misitu ya Asia, mpaka Malaysia na Indonesia. Lakini wachache wake wako Afrika, na kati yao iko miti ya Katanga: Marquesia, ambayo Babemba wanaiita museshi, na miti midogo-midogo ya Monotes, ambayo namna moja imepewa hata jina la Monotes katangensis. Mwaka wa 2022 wataalamu walitangaza kwamba chavua ya kale sana iliyopatikana katika udongo wa Sudan inaonyesha kwamba jamaa hii ilianza Afrika, ikaenda Uhindi zamani zile bara hizi zilipokuwa karibu, na toka Uhindi ikaenea Asia. Wanahesabu miaka milioni mia moja. Hesabu hiyo nawaachia wenyewe, lakini safari yenyewe inanifurahisha: ndugu mkubwa alibaki pori ya kwetu, na mdogo akaenda kutajirika ugenini.

Kutajirika, ndiyo, maana watu wa kule wanatumia sal kwa kila kitu. Majani yanashonwa kwa vijiti vyembamba kuwa sahani na bakuli; kwenye karamu ya kanisa tulikula wali watu mia mbili, na hakukuwa hata sahani moja ya kuosha. Kijiti kibichi ni mswaki. Utomvu unachomwa kama ubani. Mbegu zinatoa mafuta mazito ambayo viwanda vinayatia pahali pa mafuta ya kakao. Tena kuko viwavi vya hariri vinavyokula majani yake; sisi tunakula viwavi vyetu, wao wanavaa vyao. Wafua chuma wa kabila la Waasur walikuwa wanayeyusha chuma kwa makala ya sal zamani, mbele ya kampani yoyote, kama vile wazee wetu waliyeyusha malachite kwa makala ya miombo na kutengeneza misalaba ya shaba.

Kisha ikaja reli. Ubao wa sal ni mgumu, hauozi haraka, na mchwa haumpendezi. Waingereza waliulaza chini ya chuma cha reli, maelfu kwa maelfu, na miti mingine ikaingia ndani ya mikoti kushikilia mawe yasianguke. Sababu ya faida hiyo serikali ilitia mipaka. Mwaka wa 1864 iliweka mkuu wa kwanza wa misitu, Mjerumani Dietrich Brandis. Mwaka wa 1878 ikatoka sheria ya misitu, na watu waliozaliwa ndani ya msitu wakaanza kuitwa wezi wa kuni. Birsa Munda, kijana aliyesoma katika shule ya misioni ya Wajerumani kule Chaibasa na kisha akaliacha kanisa, aliwaongoza watu wake katika uasi wa 1899 na 1900 juu ya udongo na msitu. Alifia gerezani Ranchi mwaka wa 1900, angali kijana. Nimeona watoto wa Wakristo na wasio Wakristo wakitaja jina lake kwa heshima moja.

Hata kisha uhuru mambo hayakutulia. Miaka ya 1970 shirika la misitu la serikali lilianza kuondoa sal pahali pengi pa Singhbhum na kupanda mtiki, sababu mbao za mtiki zina bei. Kwa mtu wa ofisi, mti ni mti. Lakini mtiki hauna mbegu za mafuta, majani yake hayashoni sahani nzuri, chini yake hakuna rugra. Toka mwaka wa 1978 watu wa vijiji waliinuka, wakang'oa miche ya mtiki, na tarehe 8 Septemba 1980, pale Gua, mji mdogo wa mukoti wa chuma, polisi walipiga risasi na watu wakafa. Mzee alikuwa kijana wakati ule. Nilimuuliza kama alikuwako. Akajibu, «Kila mtu alikuwako,» akaendelea kutembea.

Ni lazima niseme juu ya maua na ibada, maana wasomaji wataniuliza. Waadivasi wasio Wakristo wanafanya sikukuu ya Sarhul wakati sal inapochanua. Kuhani wa kijiji anatoa maua ya sal katika kijisitu kitakatifu kiitwacho sarna, na wanawake wanatia maua katika nywele. Kanisa liko pale siku nyingi: wamisionari wanne wa Gossner, toka Berlin, walifika Ranchi mwaka wa 1845, miaka arobaini na moja mbele ya Arnot kufika Bunkeya, na wa kwanza walibatizwa mwaka wa 1850. Juu ya ua la sal Wakristo wa kule hawako na fikra moja. Wengine hawaligusi siku zile. Wengine wanasema ua liliumbwa na Mungu mbele ya ibada yoyote, na wanalipanga mezani kanisani. Mimi niko pamoja na hao wa pili, lakini mgeni wa siku kumi haamui kesi ya wenyeji. Jambo moja ni la hakika: penye sarna, miti mikubwa ya kale ingali imesimama.

Kwa upande wa Kiriburu na Noamundi tuliona namna ingine. Mlima umekatwa kama keki, ngazi kwa ngazi, na mito ya Koina na Karo inayotoka kule inabeba matope mekundu. Tembo, walio wengi katika Singhbhum mpaka serikali iliweka huko mwaka wa 2001 hifadhi ya kwanza ya tembo ya Uhindi, wanatafuta njia zao za kale na kukuta shimo. Wakishuka kwenye mashamba, anayelipa ni mkulima. Nilitazama lile shimo na kuona Kolwezi. Sikuwa na neno la kuwaambia wenzangu, nao hawakuwa na neno la kuniambia. Tulijua pande zote mbili kwamba ni chuma na shaba hiyo iliyosomesha watoto wetu.

Tangu nirudi, vijana wa parokia wananiuliza kama nilileta mbegu. Hapana. Mwezi wa tatu ni wakati wa maua, mbegu hazijakuwako. Na hata zingekuwako, zingekufa ndani ya mzigo mbele ya kufika Luano. Lakini anayetaka kumwona ndugu wa sal hahitaji pasipoti. Aende kwenye miombo ambayo haijachomwa makala, atafute mti mdogo wa Monotes. Ageuze jani upande wa juu na kutazama pale linaposhikana na kikonyo: atakuta kidoa kidogo cha tezi, hapo mwanzo wa mshipa wa katikati. Kisha atafute tunda. Liko na mabawa matano yaliyo sawa, siyo matatu marefu na mawili mafupi kama ya sal, yamepangwa kuzunguka mbegu kama petali za ua lililokauka. Alitupe juu siku ya upepo.